Nyumba Iliyojaa Si Stoo

Sebule nyeupe imeanza kuchokwa. Kwa miaka 10 hivi iliyopita, aliyejenga nyumba Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi na akawa na uwezo wa kumlipa mpambaji alionyeshwa picha moja tu, ikibadilika kidogo kutoka kwa mteja huyu hadi yule: kuta nyeupe, vigae vinavyong'aa, kochi la kijivu, televisheni kubwa ukutani na ua moja refu ndani ya chungu cheupe. Siku hizi picha zinazosambaa mitandaoni zimegeuka. Kuta zimepakwa kijani kilichoiva au rangi ya damu ya mzee, fremu zimepanda toka usawa wa kochi hadi darini, zulia limetandikwa juu ya zulia, mapazia yana maua makubwa kama sinia, na rafu zimefurika sahani, vitabu na vinyago. Wabunifu wanauita mtindo huu maksimalizimu, na kwetu umepokewa kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaoucheka, wakisema ni vurugu za stoo zilizopewa jina la heshima. Wapo pia walioukimbilia, na kwa kuukimbilia wanamaanisha kununua: mito 12, vioo 5, vyungu, mataa, vyote kwa mkupuo mmoja na vyote kutoka duka moja.

Naona makundi yote mawili yamejikwaa kwenye jiwe moja. Yote yanadhani kuwa kiini cha mtindo huu ni idadi ya vitu, ndiyo maana moja linaona aibu na jingine linafungua pochi. Ninachotetea hapa ni kwamba nyumba iliyojaa vizuri hutambulika kwa mambo mawili yasiyouzwa dukani: ukuta uliotengenezwa ili kubeba vitu, na vitu ambavyo mwenye nyumba anaweza kueleza vilifikaje pale. Kwa kipimo hicho, pwani ya Afrika Mashariki imekuwa na mtindo huu kwa karne nyingi kabla haujapewa jina hilo, na anayetaka kuufuata leo angejifunza zaidi kwa kukaa saa moja ndani ya nyumba ya kale ya Lamu kuliko kwa kutazama video mia za watu wanaofungua maboksi.

Nyumba za mawe za Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, zilijengwa kwa matumbawe na kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba. Upande wa mtaani, ukiacha mlango wake, nyumba hiyo ni ukuta mtupu usiomwambia mpita njia lolote. Mtu akitoka dakani, yaani kibaraza cha mlangoni, huingia kiwandani, yaani ua wa ndani usioezekwa, kisha hupita misana, zile kumbi ndefu na nyembamba, kila hatua ikimtenga zaidi na mtaa, hadi afike katika chumba ambacho hata jina lake ni "ndani". Huko ndiko nakshi zinakozidi. Hukuta zidaka: safu juu ya safu za vishubaka vilivyopangwa kwenye lipu nyeupe ya chokaa, vingi vikiwa na vichwa vya upinde, vikizungukwa na michoro ya maua na mistari iliyochongwa lipu ikiwa bado laini. Ndani ya vishubaka hivyo ziliwekwa sahani na bakuli za kauri, kwanza za Uchina, na katika karne ya 19 hata za viwanda vya Ulaya kama vile vya Maastricht. Nyingine zilitobolewa kwenye kikalio, zikapitishwa uzi na kutundikwa ukutani. Waliosema kuwa nyumba njema si mlango hawakuwa wakitafuta mfano wa mbali.

Jambo la kuzingatia katika zidaka ni kwamba nafasi ilitangulia chombo. Fundi alipokuwa akipaka lipu alikuwa ameshaamua vishubaka vitakuwa vingapi, vitapungua wapi na vitakutana vipi katikati ya ukuta, hata kama mwenye nyumba wakati huo alikuwa na bakuli tatu tu na nyingine zilikuwa bado zinasubiri msimu wa kaskazi kuletwa na majahazi. Ukuta uliweka mpaka wa wingi, na papo hapo ukaupa wingi huo maana. Watafiti waliozungumza na wenyeji wameandika pia kwamba kauri hizo ziliaminiwa kulipokea jicho la hasidi kabla halijamfikia mtu, na kwamba chombo kikipasuka chenyewe kilihesabiwa kuwa kimeshafanya kazi yake. Msomaji anaweza kuipokea imani hiyo au kuiacha. Kwa hoja yangu inatosha kuona kuwa kila chombo kilikuwa na kazi mahali pake, na hakuna aliyekihesabu kuwa cha ziada. Upendo huu wa kauri haukuishia hata majumbani, kwa maana kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, sahani za Kichina zilipachikwa kwenye nguzo za wafu.

Unguja nako mambo yalikuwa hivyo, kwa anasa kubwa zaidi. Salme binti Said, bintiye Sultani Said aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na ndani yake ameeleza vyumba vya wakubwa wa wakati wake kwa jicho la mtu aliyekulia humo. Kuta zilikuwa nene, zenye mashubaka marefu yaliyogawanywa kwa rafu za mbao zilizopakwa kijani, na juu ya rafu hizo vyombo vya kioo na kauri vilipangwa kwa ulinganifu. Sehemu za ukuta zilizobaki kati ya shubaka na shubaka zilifunikwa kwa vioo virefu vilivyoagizwa Ulaya, na hapo palikuwa na saa, wakati mwingine saa nyingi mno katika nyumba moja. Hakuna mwenye akili timamu atakayeiita sebule hiyo kuwa na mambo machache. Lakini neno lenye uzito katika maelezo hayo ni ulinganifu. Stooni vitu huwekwa pale nafasi ilipopatikana. Katika chumba hicho kila kitu kilikuwa na mwenzake upande wa pili, na kimoja kikiondolewa pengo lilionekana kutoka mlangoni. Kwa kweli sijaona kipimo kilicho bora kuliko hicho. Ondoa kitu kimoja ukutani kwako, kisha muite mtu wa nyumbani aingie. Akiuliza kimekwenda wapi, kilikuwa pambo. Asipotambua, kilikuwa mzigo.

Inafaa kusema pia, kabla ya mtu kudhani kuwa nasifia ya kale kwa sababu tu ni ya kale, kwamba utajiri uliojaza mashubaka hayo haukuwa safi. Ulitokana na pembe za ndovu na karafuu, na ulitokana na watumwa, ambao ndio waliosomba mawe, waliochoma chokaa na waliozipangusa kauri hizo kila siku. Nitalirudia jambo hili la kupangusa, kwa sababu ndilo lenye uzito kuliko mengine yote katika mjadala wa leo.

Kutoka zidaka hadi sebule nyeupe si hatua moja. Katikati pana kabati la vyombo, ambalo wengi wetu tulikua nalo na ambalo leo linatajwa kwa kicheko. La bibi yangu, Tanga, lilikuwa la mvule, lenye milango miwili ya kioo na rafu tatu, na kila rafu ilitandikwa kitambaa cha kufuma ambacho pembe zake zilining'inia mbele kama meno. Rafu ya juu ilikaa seti ya chai yenye ukingo wa dhahabu, vikombe sita na buli, ambayo sikuwahi kuiona ikinywewa chai. Kikombe kimoja kilikuwa kimevunjika mkono, na bibi alikigeuza ili upande uliovunjika utazame ukuta, kwa hiyo kutoka kwenye makochi mgeni alihesabu vikombe sita vizima. Nje ya kabati palikuwa na picha za studio, kalenda za miaka iliyopita ambazo picha zake zilikuwa bado nzuri, maua ya plastiki, na redio iliyovikwa kitambaa chake. Kwa lugha ya leo chumba kile kilikuwa maksimalizimu tupu, na mwenyewe angeshangaa kuambiwa ana mtindo.

Kabati hilo lina historia ambayo wanaolicheka huisahau. Tanzania ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 ilikuwa nchi ya foleni na uhaba, ambako sabuni na sukari vilitafutwa, sembuse bilauri za kioo. Seti ya vyombo ilipatikana kwa ndugu aliyesafiri, kwa zawadi ya harusi au kwa kuchanga miezi mingi. Katika msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 kuwa na vitu vingi ndani kulitosha kumtia mtu mashaka, na wapo waliotupa bidhaa usiku kwa hofu. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya muongo huo, na hasa katika zama za ruksa za Rais Mwinyi, vitu vilijaa madukani lakini mazoea ya kuvitunza kwenye kioo yalibaki. Kwa hiyo kabati lilikuwa kumbukumbu ya familia: hiki kililetwa na mjomba, hiki kilitoka kwenye harusi ya mama mdogo, hiki kilinunuliwa siku fulani iliposikika kuwa duka la ushirika limepata mzigo. Kizazi kilichofuata kilikua na wingi wa bidhaa rahisi, na hakikuona sababu ya kufungia kikombe kwenye kioo wakati kikombe kipya kinauzwa kwenye toroli mtaani. Sebule nyeupe ilizaliwa hapo. Ilikuwa njia ya kutangaza kwamba mwenye nyumba hana tena hofu ya kukosa.

Wanaotetea uchache wana hoja, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza ni ya vumbi. Katika jiji ambalo barabara nyingi za mitaani hazina lami, fremu 40 ni kingo 40 za kupangusa kila siku ya pili, na pwani huongezea chumvi na unyevu unaotia kutu ndoano na kuvimbisha karatasi. Swali la nani anapangusa halikwepeki. Mara nyingi ni dada wa kazi, anayelipwa mshahara mdogo na ambaye kila kinyago kipya ni nyongeza ya kazi isiyo na nyongeza ya malipo, na akikivunja hukatwa. Mtu anayejisifu kuwa sebule yake ina uhai, huku uhai huo ukibebwa na mgongo wa binti wa miaka 19, amerithi kutoka kwa nyumba za kale lile jambo ambalo halikupaswa kurithiwa. Hoja hii naikubali karibu yote. Ninachoongeza ni kwamba wazee waliijua na waliijibu kwa ujenzi: zidaka ziliwekwa katika chumba kilicho mbali zaidi na mtaa, na kabati la bibi lilikuwa na milango ya kioo. Wote wawili walikusanya wingi mahali pamoja panapoweza kulindwa, wakauacha upande uliobaki wa nyumba upumue. Picha za mitandaoni, ambazo hutandaza vitu kwenye kila kuta nne na juu ya friji, zimechukuliwa katika nyumba za nchi za baridi ambazo madirisha yake hufungwa miezi mingi ya mwaka.

Hoja ya pili ni ya maadili. Dini zetu zinaonya dhidi ya israfu na majivuno, na fasihi yetu wenyewe imelisema jambo hilo kwa ukali. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, unaitazama Pate, mji wa kale jirani na Lamu, ulivyoporomoka na kuonyesha madaka, yaani vishubaka, yaliyokuwa ya sahani yakiwa sasa ni malazi ya makinda ya ndege. Mtu anaweza kuusoma kama hukumu dhidi ya mapambo, na hatakuwa amepotoka. Lakini ni vema kuona pia mshairi alichagua nini alipotaka kumwonyesha msomaji kuwa nyumba imekufa. Aliwataja ndege mahali pa sahani. Onyo lake linamlenga aliyedhani kuwa vitu vitamdumisha, na onyo hilo linamfaa vilevile aliyetumia fedha nyingi kwa kochi moja la ngozi nyeupe ndani ya ukumbi mtupu, kwa sababu utupu nao unaweza kuwa majivuno. Nafasi isiyotumika katikati ya jiji lenye viwanja ghali ni anasa kubwa kuliko kabati lililojaa bilauri.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi, ni ile ya ushamba: kwamba mtu aliyestaarabika hupenda machache, na kwamba vitambaa vya kufuma, maua na rangi nyingi ni dalili ya mtu ambaye hajatembea. Hoja hii ina asili yake, na asili hiyo haipo Kariakoo wala Gikomba. Mwanzoni mwa karne ya 20, msanifu majengo Adolf Loos wa Vienna alidai kwamba ustaarabu hukua kadiri mapambo yanavyoondolewa kwenye vitu vya matumizi ya kila siku, na mfano wake wa watu ambao hawajafika huko ulikuwa watu wa Papua wanaojichora miili. Ngazi ya ustaarabu aliyoichora ilimweka Mzungu asiye na mapambo juu na mtu mwenye nakshi chini. Baada ya hapo ukuta mweupe ulisafiri kote duniani ukijulikana kama ukuta usio na upande, na sisi tukaupokea bila kuuliza kizingiti chake kilipigwa wapi. Anayemwambia shangazi yake aondoe vitambaa kwenye makochi kwa sababu vinaonyesha ushamba anarudia maneno ya mtu ambaye angemhesabu yeye mwenyewe, pamoja na sebule yake ya kijivu, kuwa wa ngazi ya chini. Isitoshe, wengi wa wanaojiita wapenda uchache hawajatazama juu. Dari zao za jipsamu zina ngazi tatu, taa za kubadilika rangi na duara katikati lenye nakshi. Wingi waliouzuia ukutani umewapandia darini.

Haifuati kutokana na hayo kwamba kila kilichojaa ni utamaduni wetu. Upande ninaoutetea una udhaifu wake, na udhaifu huo ni wa watu wanaolifunika kila zulia jipya kwa neno asili. Seti kamili ya "mtindo wa Kiswahili" inayouzwa ikiwa na kiti cha njumu, taa ya fanusi na mito ya kanga, na ambayo hufika siku moja ndani ya gari moja, haina tofauti kubwa na seti ya kijivu. Vyote viwili vimechaguliwa na mtu mwingine. Kanga yenyewe inalionyesha jambo hili vizuri. Ikishonwa foronya na fundi asiyeisoma, jina lake hukatwa katikati, na mgeni huachwa akisoma nusu ya maneno ambayo mwenye nyumba hakuyakusudia. Tingatinga nao ni mfano wa kusikitisha kwa upande wa pili. Mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, wa rangi za mafuta zinazong'aa na nafasi zilizojazwa madoa na mistari, umepamba kuta za wageni waliorudi kwao kwa zaidi ya miaka 50, huku wengi wetu tukitundika picha ya daraja la mji ambao hatujawahi kuufika.

Kama hoja yangu ni sahihi, basi anayetaka kuijaza nyumba aanze na ukuta, na duka liwe la mwisho. Achague ukuta mmoja, amwite fundi, apime, aamue rafu au vishubaka vingapi, kisha avijaze kwa miaka, kuanzia na vitu vilivyoko tayari kwenye maboksi chini ya kitanda na kwenye sanduku la mama. Fedha ambazo zingekwenda kwenye mito 12 zikienda kwa seremala wa Keko au kwa mwashi anayejua kuchonga lipu, zitabaki mtaani na zitaacha kitu kisichochakaa kwa mwaka mmoja. Ufundi wa nakshi za chokaa unaishi kwa kazi. Lamu ilitambuliwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2001 na Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, na hadhi hiyo husaidia, lakini fundi hali cheti. Anahitaji mteja anayejenga Kigamboni au Nyali na anayetaka ukuta mmoja tu.

Kikwazo kikubwa hakiko kwenye ladha ya watu. Kiko kwenye mkataba wa pango. Wakazi wengi wa miji yetu ni wapangaji, na sharti lililozoeleka, la maandishi au la mdomo, ni kwamba mpangaji asipigilie msumari. Nyumba za kupanga zinachorwa zikiwa na kuta laini kutoka kona hadi kona, bila shubaka, bila rafu ya kujengwa, wakati mwingine bila hata mahali pa kuweka msahafu au Biblia isipokuwa juu ya televisheni. Mtu aliyelipa kodi ya miezi sita na asiyejua kama mwezi wa saba atakuwepo hawezi kuwa na ukuta wenye historia, na si haki kumcheka kwa kochi lake la kijivu. Dawa yake wala si ghali. Ubao mmoja mwembamba ukizungushwa ukutani, chini kidogo ya dari, na fundi wa mwenye nyumba mara moja kwa wapangaji wote watakaokuja, mpangaji atatundika fremu na sahani zake kwa ndoano na uzi, kama zilivyotundikwa zile bakuli zilizotobolewa kikalio, na siku ya kuhama atazishusha bila kuacha tundu hata moja.